Shilingi Kumi na Mbili

Mabatini, saa tano usiku. Umeme umerudi.
Jiwe lililo nyuma ya nyumba bado lina joto la mchana.
Navaa hedifoni, nafungua hesabu ya jana:
toka sauti hadi pacha wake wa juu
kuna senti elfu moja na mia mbili.

Senti! Zimekufa sokoni siku nyingi,
hakuna muuza nyanya wa Kirumba atakayezipokea,
kumbe zilihamia sikioni.
Shilingi kumi na mbili, basi.
Nimgawie nani?

Kinanda cha kwaya hakiulizi.
Watu kumi na wawili, kila mtu shilingi yake,
na hakuna aliyewahi kunung'unika
mpaka Jumapili ile Bahitwa alipoleta enanga.

Bahitwa ni kaka yangu, fundi wa injini kwenye kivuko cha Nansio.
Grisi ya vidoleni mwake haitoki hata kwa mchanga.
Enanga yake si nanga ya meli, ingawa nayo hushika:
kamba moja ya nyavu, imeenda na kurudi mara saba
juu ya ubao uliochongwa kama sinia.
Akapiga. Nikabonyeza.
Sauti yake ikaangukia kati ya cheupe na cheusi,
kama mtu aliyekaa ukingoni mwa benchi
anaambiwa "sogea" na pande zote mbili.
"Chombo kimelegea," akasema mwalimu wa kwaya.
Bahitwa aliifunga enanga kwa ovaroli, akawahi kivuko.

Ndiyo maana silali.

Nimegawa kwa ishirini na wanne: kila mtu sumuni.
Mgawo wa kirafiki, nusura niishie hapo,
lakini wale kumi na wawili wa zamani wamo wote,
wamekalia viti vya mbele,
na wageni wanapitapita kama wapangaji wanaoomba maji.

Kumi na tisa: senti sitini na tatu na chenji isiyogawanyika.
Nyimbo za msiba hukaa vizuri humo.
Sina msiba.

Thelathini na moja: hapo mi inatulia juu ya do
kama maji ya ndooni, haina hata kiwimbi.
Ila vidole vyangu ni kumi, na vichochoro ni vingi mno.
Nilipotea humo hadi adhana ya alfajiri.

Nikashuka Mwaloni kununua dagaa.
Mama Masatu alikuwa akipanga mafungu juu ya turubai:
konzi, konzi, kisha anachota hapa, anaongeza pale,
hadi yote matano yalingane.
Mizani hana. Nikamuuliza anajuaje.
"Kujua nini? Naangalia jicho la mteja.
Fungu linalokimbiliwa, nalipunguza."

Matano.

Nilipanda kilima mbio, dagaa wakinimwagikia mkobani.
Shilingi mbili na senti arobaini kwa kila mmoja.
So imepanda mno, inatikisika juu ya do,
mwalimu wa kwaya angeziba masikio.
Kila mgawo una deni lake;
hili naweza kulilipa.
Nikaweka chini yake enanga niliyoirekodi kwa simu,
na kwa mara ya kwanza haikuambiwa isogee.

Karibu. Uzi wa tatu unapelea senti tisa.
Kwenye rekodi ya wiki iliyotangulia, kumi na nne.

Nikampigia. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yake.
"Wa tatu ushushe," akasema. "Kidogo. Hapana, umezidisha."
"Sasa si sawa tena, Bahitwa."
"Nani alikwambia ziko sawa?"
Nikamuuliza uzi wa kwanza huupatanisha na nini.
"Na hii unayoisikia. Tukishavuka katikati, ikitulia."
"Na injini, nani anaipatanisha?"
Alicheka mpaka mtandao ukakatika,
kisha ukaja ujumbe, neno moja:
dizeli.